Fundi Anajibu: Kabla hujanunua rimoti ya ndege, uliza kwanza risiva zake

Meseji za safari hii karibu zote ni za ndege ndogo za kurusha kwa redio, zile za foamu na za mti mwepesi wa balsa, na wengi mnataka kujua ndege ipi ni nzuri, wachache tu ndo wameuliza habari ya rimoti. Nawajibu hao wachache kwanza, manake ndege utaivunja na utaunda nyingine, ila rimoti ukichagua vibaya utakaa nayo miaka au utaiuza kwa hasara pamoja na risiva zake zote, yaani vile vifaa vya ndani ya ndege vinavyopokea ishara yake.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, nimeunda ndege ya foamu bawa lake kama mita 1, mota na servo ninazo, nimebaki na laki moja na nusu ya rimoti. Kuna jamaa anauza FlySky FS-i6 iliyotumika pamoja na risiva yake, mwingine kaniambia nivumilie nijichange ninunue RadioMaster. Na je chaneli 4 si zinatosha, kwa nini nilipie 6?

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuunda ya kwako mwenyewe.

Naanza na chaneli. Kila chaneli inaamrisha kitu kimoja kwenye ndege, na ndege ya kawaida ina vitu vinne vya kuamrishwa: mota, eleveta ya mkia inayonyanyua na kushusha pua, usukani wa wima wa mkiani, na eleroni za mabawa zinazoilaza ndege upande. Kwahiyo kwa hesabu tu 4 zinatosha kupaa na kutua. Lakini ukishaipa kila eleroni servo yake, yaani kile kimota kidogo cha kuigeuza, na chaneli yake, ili uweze kuzishusha zote mbili kwa pamoja kama flapu wakati wa kutua, umeshafika 5, ukija kuweka magurudumu ya kukunja ni 6. Halafu rimoti nyingi za chaneli 4 za bei ya chini hazina skrini wala memori, leo umeziweka sawa kwa ndege hii, kesho ukitaka kurusha nyingine unaanza upya. FS-i6 inakumbuka ndege 20. Chukua 6, wala usijiulize mara mbili.

Ila chaneli sio jambo zito hata kama ndo kila mtu analiuliza. Jambo zito ni risiva. Rimoti inaongea na risiva iliyoko tumboni mwa ndege, na kila kampuni ina protokoli yake, yaani lugha yake ya redio: FlySky kwa hiyo unayotaka kununua wanatumia AFHDS 2A, Spektrum wana DSMX, FrSky wana ACCST na ACCESS, Futaba wao peke yao wana FASST, S-FHSS na T-FHSS na hizo zote za kampuni moja hazisikilizani zenyewe kwa zenyewe. Zote ziko kwenye masafa ya gigahezi 2.4 lakini risiva ya huyu haimsikii yule. Sasa fikiria, rimoti utanunua moja, ila kila ndege utakayounda inataka risiva yake, la sivyo utakuwa unaing'oa huku unaipachika kule kila Jumamosi na nyaya za antena zinazidi kuchoka. Kwahiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili, risiva zake zinapatikana wapi, kwa shilingi ngapi, na zinatengenezwa na mmoja tu au na wengi? Kuna rimoti nzuri sana ambayo risiva yake moja bei yake inakaribia ya hiyo FS-i6 nzima, na kwa mwanafunzi hiyo ni kamba shingoni.

Hapo ndo unaona kwa nini watu wengi sa hivi wanakusukumia RadioMaster yenye ExpressLRS, wenyewe wanaifupisha ELRS. Hiyo protokoli sio mali ya kampuni moja, programu yake iko wazi, na viwanda kadhaa vinatengeneza risiva zake wanashindana bei, kwahiyo ukinunua rimoti ya mmoja unaweza kuweka risiva ya mwingine na ikakubali. Mi naipenda sana na nikiulizwa rimoti ya kukaa nayo miaka kumi ndo jibu langu. Lakini ina mitego miwili kwa mtu wa ndege za mabawa. Kwanza, risiva nyingi za ELRS ni zile ndogo kama ukucha zilizotengenezwa kwa ajili ya droni, hazina pini za kuchomeka servo, zinatoa nyaya za data zinazokwenda kwenye ubongo wa droni. Ukiletewa hiyo utakaa unaiangalia hujui pa kuchomeka. We unataka zile zilizoandikwa PWM, zenye safu ya pini tatu tatu, kama ER6 au ER8 za RadioMaster wenyewe. Pili, toleo la programu lazima liendane, rimoti yenye toleo la 2 haibaindi, yaani haiungani, na risiva yenye toleo la 3, unatakiwa uzisasishe kwanza kwa kompyuta, ni kazi ya dakika chache ukiijua ila usiku wa kwanza inaweza kukukatisha tamaa.

Sasa wewe, kwa laki moja na nusu, ndege moja na likizo iko karibu, chukua hiyo FlySky. Risiva zake ni za bei nafuu, zipo nyingi, na ukikwama kwenye menyu utapata mtu aliyewahi kuishika. Pocket ya RadioMaster bei yake inaweza isiwe mbali na hapo lakini ongeza risiva, ongeza betri mbili za lithiamu, ongeza usafiri, mfuko wako utatoboka kabla ndege haijatoka nje.

Ila usiichukue kwa kuitazama sura. Mwambie jamaa aiwashe mbele yako. Fungua ule ukurasa wa menyu unaoonyesha mistari ya chaneli, shika stiki ya kulia, ipeleke kushoto taratibu sana, taratibu kabisa mpaka mwisho, macho kwenye mstari. Mstari utembee laini na stiki, ukiona unaruka ruka au unatetemeka mahali fulani ujue potensiometa ya ndani imeshakwanguka, ni kifaa cha aina moja na kile cha volyumu ya redio za zamani na kinachoka vilevile. Iachie irudi yenyewe katikati, mstari urudi palepale ulipokuwa, rudia kwa kuipeleka upande wa pili uone kama unarudi palepale tena. Fanya hivyo kwa stiki zote, ila mwendo wa juu na chini wa stiki ya mota wenyewe haujirudishi. Geuza nyuma, fungua chumba cha betri, angalia zile springi, kama kuna unga mweupe au wa kijani betri zilishawahi kuvuja humo ndani. Mwisho washa risiva, hakikisha zimebaindi, taa ya risiva itulie isipepese, umpe jamaa rimoti aende nayo mbali upande wa pili wa uwanja huku wewe umeshika servo inayochezeshwa. Akikataa hayo majaribio, mrudishie rimoti yake umuage.

SWALI: Niaje fundi, niko Nakuru. Nimepata radio moja online bei iko poa sana lakini wameandika ni Mode 1, zingine zote naona ni Mode 2. Hii mode ni nini na nikinunua naweza badilisha?

Poa sana kaka. Mode ni mpangilio wa stiki, yaani kidole gani kinafanya kazi gani. Mode 2 mkono wa kushoto una moto wa mota na usukani wa mkia, wa kulia una eleveta na eleroni. Mode 1 moto wa mota na eleroni viko kulia, eleveta na usukani kushoto. Hakuna iliyo bora, Wajapani wengi wanarusha Mode 1, Wamarekani karibu wote Mode 2, Uingereza utawakuta wa pande zote mbili uwanja mmoja. Droni za DJI zikitoka kiwandani ziko Mode 2, kwahiyo kama ulishawahi kushika moja vidole vyako vimeshazoea hiyo.

Ndio inabadilika kwa rimoti nyingi, kwenye menyu unachagua mode, halafu unafungua mgongo unahamisha ile springi ya kurudisha stiki katikati, kwa sababu stiki yenye moto wa mota haitakiwi kujirudisha yenyewe. Baadhi ya rimoti mpya hata kufungua hufungui, kuna skrubu za nje. Lakini mi ningekuuliza kwanza, anayekufundisha anarusha mode gani? Hiyo ndo uchukue. Siku ndege inaelekea kwenye miti na umeganda, yeye atanyakua rimoti mkononi mwako, na akikuta stiki zimepangwa tofauti na zake hatakuokoa. Kama huna mwalimu kabisa nenda na Mode 2 kwa sababu ndo utakayoikuta kwa wengi.

SWALI: Assalam alaykum fundi. Mjomba wangu aliyeko Marekani amenitumia Futaba ya zamani, zuri kweli, lina antena ndefu ya kuvuta na limeandikwa 72 MHz. Watu hapa Mombasa waniambia nilitupe. Ni kweli halifai?

Waalaykum salaam warahmatullah. Usilitupe, lakini usilirushie ndege.

Kabla ya miaka ya 2000 katikati, karibu rimoti zote zilikuwa hivyo. Marekani walitengewa megahezi 72 kwa ndege, nchi nyingi za Ulaya wakatumia 35, na rimoti nyingi zilikuwa na kristali ndogo inayoamua rimoti iko kwenye njia ipi hasa ndani ya masafa hayo. Watu wawili wakiwasha njia moja kwa wakati mmoja, ndege iliyoko angani ilikuwa inaanguka, hapakuwa na mjadala. Ndo maana viwanja vyao vilikuwa na ubao wa vibanio, kila njia na kibanio chake, hukuwasha rimoti mpaka kibanio cha njia yako kiwe mkononi mwako, na mtu akiwasha bila kibanio alikuwa anafukuzwa uwanjani. Hizi za gigahezi 2.4 zimemaliza hilo tatizo, rimoti na risiva zinarukaruka kwenye masafa mengi kwa sekunde moja na risiva inasikiliza rimoti ile tu iliyobaindi nayo, watu kumi wanarusha pamoja hamna anayemgusa mwenzake.

Huo mgao wa 72 ni wa Marekani, usichukulie kwamba na huku umetengwa kwa ajili ya ndege za kurusha, huwezi kujua nani mwingine anayatumia masafa hayo hapo Mombasa. Juu ya hayo betri yake ya ndani itakuwa ni nikeli iliyokaa miaka na risiva za kuendana nayo ni za kuokoteza. Lakini kuna kazi moja nzuri. Kama nyuma lina tundu la trena, ukija kununua rimoti mpya yenye tundu la trena unaweza kuziunganisha kwa waya, mpya inakuwa ya mwalimu na hilo la mjomba linakuwa la mwanafunzi, stiki zake zinafanya kazi yake na ishara inatoka kwenye mpya. Ukitaka waya huo tengenezesha kwa fundi anayesoma mchoro wa pini, usikisie. Na stiki za Futaba za zamani ni laini kweli, mjomba wako alikuwa na kitu kizuri.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni wa Morogoro. Ndege yangu ilikuwa juu kama mita 200 kutoka nilipo, ikaacha kunisikia, ikaingia kwenye shamba la miwa na kuvunjika pua. Nina FlySky. Marafiki wanasema rimoti haina nguvu, ninunue ya 915 ya masafa marefu. Nauliza kabla sijatoa hela.

Nzuri kaka, pole kwa ndege na umefanya vema kuuliza kabla. Mita 200 sio mbali kwa rimoti yoyote ya kawaida ya gigahezi 2.4, hata hiyo ya kwako. Ndege ya bawa la mita 1 ikishafika mita mia tatu na kitu huoni tena imelalia upande gani, macho yako yanakwisha kabla rimoti haijakwisha. Kwahiyo kabla ya kulaumu nguvu tafuta kilichotokea, na kuna maswali matatu unatakiwa ujijibu mwenyewe kwa kukumbuka.

La kwanza, je ni mota iliyokata au ni kila kitu? Wengi wanasema haikunisikia, ukiwahoji vizuri unakuta eleveta na usukani vilikuwa vinaitika ila mota imezima. Hiyo sio redio. Ni ESC, kile kifaa kinachoongoza kasi ya mota, imeona volti za betri ya lithiamu (LiPo) zimeshuka ikazima mota ili ibakize umeme wa servo, na ilikuwa inakupa nafasi ya kuteleza na kutua. Weka taima kwenye rimoti ikulilie baada ya dakika tano, utakuwa umeshalimaliza hilo.

La pili, kama kila kitu kiliganda ghafla, kilitokea wakati gani? Kama ilikuwa unapinda kwa nguvu, servo zote zinavuta kwa pamoja, kuna uwezekano mkubwa umeme wa risiva ndo ulishuka. Servo na risiva zinakula kutoka kwenye kile kisehemu cha ESC kinachoitwa BEC, kinachotoa volti 5. BEC dhaifu ikibebeshwa servo nne na moja kati yake imekaza, volti zinadondoka, risiva inazima na kuwaka upya, na wewe huko chini unaona ndege imekufa kwa sekunde mbili tatu. Ujaribu mezani, toa propela, washa, chezesha stiki zote mbili kwa fujo kwa muda mrefu huku unaangalia taa ya risiva. Ikipepesa hata mara moja umempata mwizi, na rimoti ya milioni isingekusaidia chochote.

La tatu ni antena, na hapa ndo nakuomba ufungue ndege yako uangalie sasa hivi. Risiva nyingi za chaneli 6 zina nyaya mbili nyembamba za antena. Ukizitazama kwa karibu utaona waya mnene kidogo halafu mwishoni kuna kipande chembamba kilichovuliwa ganda la nje, kama sentimita 3. Hicho kipande cha mwisho ndo antena yenyewe, kwingine kote ni waya wa kuifikisha tu. Vipande hivyo viwili vinatakiwa vinyooke na vikae nyuzi 90, kimoja kikilala na urefu wa ndege kingine kisimame au kielekee bawani, ili ndege ikigeuka vyovyote kimoja kikae vizuri. Mi napitisha kila kimoja kwenye mrija wa kunywea soda na kuugandisha kwa tepu kwenye foamu. Ninazozikuta kwa watu ni nyaya zimekunjwa pamoja na kubanwa chini ya betri, au zimelazwa juu ya kipande cha kaboni, na kaboni inazuia mawimbi kweli kweli. Na kwa upande wa rimoti usiielekezee ndege ncha ya antena kama unanyoosha bunduki, mawimbi ni hafifu zaidi kwenye ncha, antena ioneshe ubavu wake kwa ndege.

Ukishayaweka sawa hayo, pima umbali kabla ya kila safari ya kwanza ya siku. Rimoti nyingi zina hali ya kupima ambayo inapunguza nguvu kwa makusudi, unaiweka, unatembea hatua 30 mbali na ndege, servo zinatakiwa ziendelee kuitika bila kusita. Halafu weka feilsefu wewe mwenyewe, usiamini ilivyotoka kiwandani. Feilsefu ni lile agizo risiva inalotekeleza ikipoteza rimoti, na kwa ndege ya foamu agizo liwe mota kuzima kabisa. Unaijaribu hivi: toa propela, washa mota kidogo, zima rimoti. Mota lazima isimame. Isiposimama ndege hiyo haistahili kuruka, kwa sababu ikipotea itaendelea na moto wake mpaka impate mtu, na kwenye shamba la miwa kuna watu wanaovuna.

Kuhusu 915, hiyo hela usiitoe. Redio za 915 wanazouziwa Wamarekani zinatumia megahezi 902 mpaka 928. Huku kwetu simu za mkononi za GSM 900 zinapandisha mawimbi yake kwenda kwenye mnara kwenye 890 mpaka 915 na mnara unateremsha kuanzia 925 au zaidi. Sasa unaona mwenyewe, utakuwa unarusha ndege katikati ya simu za watu, unawaharibia wao na wao wanakuharibia wewe, na mamlaka ya mawasiliano ikikuuliza huna jibu. Kaa kwenye 2.4. Na kama siku moja utataka kwenda mbali kweli kwa kamera, ELRS ya 2.4 inafika mbali kuliko mtu wa kawaida anavyohitaji.

SWALI: Fundi, mimi ni mama niko Maskati, mwanangu ana miaka 11 anataka ndege tangu mwaka jana. Dukani wananionyesha boksi lenye ndege na rimoti yake ndani, na jengine lenye ndege tu bila rimoti na bei yake haipishani sana. Mbona ya pili haina rimoti na bado ni ghali? Nimnunulie ipi?

Dada yangu, hilo boksi la pili huenda limeandikwa BNF (Bind-N-Fly), yaani ni ndege iliyo tayari na risiva imo ndani inasubiri kubaindiwa na rimoti utakayokuwa nayo. Kama ni ya makampuni ya Horizon Hobby, risiva yake ni ya Spektrum, kwahiyo inataka rimoti ya DSMX. Ukimnunulia hiyo peke yake mtoto atafungua boksi na hatakuwa na cha kuirushia.

Boksi la kwanza ni zuri kwa kuanza lakini muulize muuzaji swali moja, rimoti hii inaweza kurusha ndege nyingine? Nyingine zinatolewa kwa ndege hiyo tu na zinaishia hapo. Mtoto wa miaka 11 aliyengoja mwaka mzima hataishia ndege moja, mi naona umnunulie rimoti ya kweli, na ndege uinunue kando. Mtafutie rimoti yenye moduli ya 4 kwa 1, hiyo ina chipu nne ndani na inaweza kuongea na FlySky, na risiva nyingi za Spektrum na za FrSky za zamani, kwahiyo ndege nyingi atakazozitamani dukani zitakubali. Boxer ya RadioMaster ipo ya namna hiyo na stiki zake hazitumii potensiometa, zinasoma kwa sumaku, hazikwanguki. Mpe aishike mkononi hapohapo dukani, dole gumba lifike mwisho wa kila stiki bila kuhamisha kiganja. Kama ni kubwa kwake Pocket ni ndogo na inafaa mikono ya mtoto, ila Pocket ya ELRS haitaongea na ndege ya Spektrum.

Na kabla ndege haijaruka achomeke hiyo rimoti kwenye kompyuta kwa waya wa USB, itajitambulisha kama kifaa cha gemu, arushie kwenye simuleta. Ipo PicaSim ambayo ni ya bure. Akianguka huko haumii mtu wala mfuko. Jambo gumu kuliko yote ni ndege inapokuja upande wake, kushoto na kulia vinageuka, na hilo halielezeki kwa maneno, linaingia kwa kurudia tu, kwahiyo muache acheze mpaka achoke. Joto la huko nalo, msiiache rimoti yenye betri za lithiamu ndani ya gari mchana, mtoe betri au mshuke nayo.

SWALI: Mkuu, kuna programu za simu, siwezi kutumia simu yangu badala ya rimoti? Msomaji, Mwanza.

Kwa ndege ya mabawa hapana mkuu. Kioo hakina stiki ya kuhisi kwa dole, utalazimika kuangalia simu kujua kidole kiko wapi na ndege haikusubiri, na Wi-Fi ya simu inachelewa na kukatika mapema. Vindege vidogo vya ndani ya nyumba vipo vya kutumia simu, nje kwenye upepo tafuta rimoti.

SWALI: Habari fundi, nipo Arusha. Rimoti niliyoagiza inatumia betri mbili za 18650 na muuzaji anasema hawezi kutuma betri. Nichukue zile za tochi Kariakoo?

Nzuri ndugu yangu. Ni kawaida hiyo, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kwa ndege zina masharti makali na wauzaji wengi wanazikwepa. Za mtaani unaweza kuchukua ila soma maganda yake. Ukiona imeandikwa mAh 6800 au 9900 iache hapohapo, 18650 nzuri kabisa zinazouzwa kwa kawaida zinafika kama 3500, kwahiyo aliyeandika 9900 amekudanganya kwenye ganda na ndani usitegemee kuna 2000. Iweke kwenye mizani kama muuzaji anayo, ya kweli ina kama gramu 45 na kuendelea, ya uongo ni nyepesi unaisikia hata mkononi. Pima na urefu, zile zenye kinga ya ndani huwa ndefu kwa milimita kadhaa na kwenye vyumba vingine vya rimoti haziingii, usizilazimishe. Nunua mbili zinazofanana, chaji pamoja, ziweke pamoja siku zote, na uangalie plasi na mainasi mara mbili kabla ya kuzisukuma ndani.

Na kwa kuwa umeshaagiza, kabla mzigo haujafika uliza TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, utaratibu wa kurusha hapo Arusha, na wa Kenya mkaulize wenzao wa KCAA, hao ndo wanaosimamia vyombo visivyo na rubani, na waulize kama ndege yako ya foamu nayo imo, hasa kama uwanja wa ndege hauko mbali na hapo unapotaka kurushia.